Masharti ya Sindano

"Bangi unavuta bado?" daktari aliuliza.

Baba Masalu akamkazia macho mwanawe. Njia nzima kutoka machimboni Nyarugusu alimfundisha jibu moja tu: nimeacha. Mara mbili wakubwa wa hospitali waliwarudisha nyumbani, eti aache kwanza ndipo atibiwe. Dawa za serikali zina masharti kuliko za mganga. Safari ya kwanza mama yake alikuwa hai.

Masalu akaucheka ukuta mtupu, kisha akatazama vidole vyake, vya manjano kwa moshi, udongo wa mgodini umeganda kwenye kucha.

"Navuta. Na gongo nakunywa. Zile sauti za kichwani zinanichosha."

"Ng'wana wane, mwanangu, umetumaliza!" baba akamaka.

"Hajawamaliza, mzee wangu," alisema daktari, binti mdogo kuliko Masalu, huku akivuta dawa kwenye sindano. "Angenidanganya ningemtibuje? Hii inakaa mwezi mzima. Bangi tutapambana nayo akiwa ametulia."

"Kwa hiyo anachomwa? Leo?"

"Sasa hivi. Ateremshe suruali kidogo."

Mzee akarukia mkanda wa mwanawe, akaanza kuufungua.

"Baba, mimi si mtoto!" Masalu akasema, akacheka, na safari hii alichokicheka wote walikiona.