Msumari Mtupu

Siku ya kumi na moja baada ya maziko, Mama Jong-pil alikuja tena hospitalini. Alikaa kwenye benchi lile lile, akaikabili meza ya manesi, akaweka kifurushi chake mapajani.

"Mkweo keshafika," Nesi Bang alimnong'oneza Yun-ok kwa utani. "Leo kavaa na soksi mpya. Nadhani anahamia kabisa."

"Dada Bang, naomba uniache."

"Basi pita mlango wa jikoni. Usimpe macho."

Nesi Maeng Yun-ok alikuwa na miaka ishirini na sita. Tangu kifo cha mwana wa mama yule hakuwa amepata usingizi wa maana.

Eom Jong-pil, mchomeleaji vyuma, alianguka kutoka kwenye ngazi akavunjika paja. Alipasuliwa katika hospitali hii ndogo ya Gunsan, kisha akaanza kupewa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo huwasaidia watu wengi. Lakini wapo wachache ambao miili yao huiona dawa hiyo kuwa adui, ikaipiga vita, na katika vita hivyo damu ikaganda ovyo, kinyume cha ilivyokusudiwa. Siku ya nane vidole vya mguu wa Jong-pil vilianza kuwa vyeusi. Daktari akaisimamisha dawa. Jioni ile ikaandikwa kadi kwa wino mwekundu: jina la mgonjwa, na chini yake, HEPARINI MARUFUKU. Ikatundikwa msumarini juu ya kichwa chake.

Yun-ok hakuwepo. Alikuwa kwao, amekwenda kumzika babu yake. Alirudi kesho yake saa nane mchana, na wakati wa kupokezana zamu akaambiwa jambo moja tu: soma kadi. Ndivyo walivyofanya kazi pale mwaka ule wa 1991. Faili zilikaa kwa daktari, kadi zilikaa vitandani.

Alipoingia, mgonjwa alikuwa akibishana na mama yake aliyekuwa akimuuguza.

"Mama, uji huu hata mfungwa angeukataa."

"Kula. Ungeoa ningekuwa nimelala nyumbani sasa hivi."

Yun-ok alicheka nao. Akatazama ukutani. Kisha akasafisha mpira wa dripu kwa heparini kidogo, kama walivyozoea kuufanyia mpira wa kila mgonjwa asiyekatazwa. Haikupita robo saa Jong-pil akaanza kutetemeka, akashika kifua, akatafuta pumzi asiipate. Saa tisa na nusu alikuwa maiti.

"Nilitazama," Yun-ok aliwaambia wakubwa. "Palikuwa na msumari mtupu."

Lakini matroni alipoingia chumbani saa kumi, kadi ilikuwa pale pale, imenyooka, nyekundu.

Tangu hapo Yun-ok aliiona kadi ile kila mahali. Aliiona juu ya jiko, aliiona kwenye ukuta wa bafu. Alishtuka usingizini akipapasa ukuta kwa vidole. Siku moja alichukua koleo akang'oa misumari yote nyumbani kwa mama yake.

"Na kalenda yangu?" mama yake alifoka. "Nitaitundika puani?"

Yun-ok alikaa chini na misumari yake mkononi, akalia.

Asubuhi hii matroni alimwita ofisini, akamsogezea karatasi.

"Andika kwamba uliiona kadi ukapuuza. Utakaa nje miezi sita, halafu utarudi. Ukishikilia kwamba haikuwepo, bodi itasema wewe ni mwongo au mwendawazimu. Na wote wawili hawapewi sindano."

"Wewe unaamini nini, matroni?"

"Mimi naamini msumari hauoti kadi."

Yun-ok aliandika, akatia sahihi. Hakuweka sahihi kwa ajili ya ile miezi sita. Aliweka kwa sababu mwenyewe alikuwa amekwisha kuamini. Macho yake yalikuwa yameiona, kichwa chake kikakataa, na mtu akafa. Mtu wa namna hiyo alipaswa kumtazama yule mzazi usoni.

Hakupita mlango wa jikoni. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye benchi, akapiga magoti sakafuni mbele ya watu wote.

"Mama, kadi niliiona. Nimemuua mwanao. Nipige ukitaka."

Mama Jong-pil aliweka kifurushi kando, akamshika mabega.

"Inuka," alisema. "Nani kakufundisha kusema hivyo? Hukuiona."

"Niliiona, mama. Nimekwisha kutia sahihi."

"Hukuiona! Siku zote hizi nakuja nikwambie, mdomo unanigomea." Aliinama mpaka paji la uso wake likakaribia la nesi. "Niliitoa mimi, asubuhi ile. Usiku kucha nimelikodolea macho jina la mwanangu kwa wino mwekundu, naye yu hai, anakoroma! Hivyo huandikwa wafu, binti. Nikasema hawa wanamwita kaburini. Maneno ya chini wala sikuyasoma. Nikaificha chini ya godoro."

Yun-ok aliinua uso.

"Lakini matroni aliikuta ukutani."

"Aliikuta, ndiyo," alisema Mama Jong-pil. "Alipokata roho niliitundika tena. Sasa ilikuwa haki yake."