Uji wa Mzazi

Asubuhi hiyo daraja la mbao lilikutwa limezungushiwa seng'enge. Maji ya bahari yalikuwa yamejaa kwenye hori, hapakuvukika kwa miguu. Bi Mwanaheri akaweka ngata kichwani, akajitwika ndoo ya uji wa pilipili manga na kupanda daraja jipya la zege. Bintiye alikuwa ng'ambo ya pili, amejifungua alfajiri, na bado hajatia kitu tumboni.

Daraja jipya halikuwa na njia ya waendao kwa miguu. Alipofika katikati, lori likamjia usoni huku likipiga honi.

"Mama, pisha! Daraja hili ni la magari!"

Kwenye lile la mbao, jembamba, asiye na kitu alimpisha mwenye mzigo. Hakuna aliyefundishwa, kila mtu alijua tu.

Bi Mwanaheri hakusogea.

"Mimi nimebeba uji wa mzazi. Wewe umebeba nini, mwanangu?"

Dereva akageuka kutazama nyuma ya lori lake. Lilikuwa tupu. Akatia gia ya kurudi nyuma.

Kule kwenye seng'enge, wanawake waliokuwa wamekwama wakitazama wakaanza kutwishana mizigo.