Chupa ya Jiwe Namba Saba

Kwa miaka kumi na tisa ya kutunza kumbukumbu za ofisi ya ardhi, Bi Faili hakuwahi kukunja hata pembe ya karatasi ya serikali. Asubuhi ile alichana ukurasa mzima wa daftari, akaukunja mara nne na kuusokomeza kwenye pochi. Akautazama mlango utadhani kaiba mtoto.

Nje, viti vilikuwa vikipangwa. Uwanja wa umma ulikuwa unatimiza miaka hamsini, na daftari lile kuukuu lilitakiwa mezani ili wanafunzi waone mipaka ilivyopimwa zamani. Aliyeliandika ni baba yake mzazi, Mzee Mnyororo, mpima ardhi mstaafu, jina alilolipata enzi za kupimia mnyororo. Leo jina hilo lingechongwa ukutani.

Na ukurasa wenyewe ulisemaje? Mwandiko wa baba, wino wa bluu: "Jiwe namba saba nimelihamisha mita arobaini kuelekea..." Hapo mchwa walikuwa wamekwisha kula pembe yote.

Bi Faili hakuhitaji mchwa wamtapikie maneno yaliyobaki. Jiwe namba saba lilikuwa mpakani: huku uwanja, huku nyumba yao, kwenye kipande cha shamba walichoachiwa na babu. Ndimo alimozaliwa, ndimo alimomuuguza mama, na ndimo anamomtunza baba hadi leo. Kutoka jiweni hadi barazani ni hatua kumi tu. Mpima gani anahamisha jiwe lililo mlangoni kwake, kama si kujimegea? Na wiki iliyopita tu tingatinga lilibomoa maduka manne yaliyoingia uwanjani. Tingatinga halijui mstaafu wala mgonjwa.

"Mwanangu, mbona umesawajika hivyo?" baba aliuliza alipofikishwa mezani, ndani ya suti iliyomzidi mabega. Alilifungua daftari, akapapasa mahali palipochanika, akaitazama pochi aliyoikumbatia binti yake, akalifunga taratibu. "Haya," akasema. Basi.

Mkuu wa idara alishika kipaza sauti. Kazi alifundishwa na Mzee Mnyororo, wala hakulificha hilo. "Wapo waliosema eneo hili ni dogo kama leso, halitatosha shule na zahanati. Mwalimu wangu akapima. Likatosha, na mpira mnaucheza!"

Makofi. Bi Faili naye alipiga, pochi kwapani. Sherehe iishe salama, aliwaza, karatasi hii naichoma leo leo.

Nyuma yake baba mdogo alinong'ona kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. "Shamba la marehemu baba lilikuwa kubwa, bwana, ng'ombe walipotea humo. Siku hizi ukijinyoosha kitandani, miguu iko kwa jirani." Watu wakacheka. Wimbo huo ameuimba kwenye kila harusi na kila msiba, hakuna tena anayeusikiliza.

"Leo hatutasimulia tu," Mkuu akaendelea. "Wanafunzi, sisi wapima tuna siri. Jiwe, mtu mwenye tamaa anaweza kulihamisha. Kwa hiyo pale tulipoliweka mara ya kwanza, chini yake tulizika chupa. Mwizi huondoka na jiwe, chupa inabaki palepale. Ndiyo shahidi wetu. Na sasa tunaifukua!"

Bi Faili aliibana pochi kifuani.

Vibarua wawili waling'oa jiwe namba saba. Wakachimba hadi magotini, wakachimba hadi kiunoni. Udongo mtupu.

"Limehamishwa hilo," mtu akasema. Macho yakaanza kugeukia ile nyumba, jozi moja, jozi mbili, mwisho uwanja mzima.

"Mwalimu?" Sauti ya Mkuu ilikuwa imepwaya.

"Muulize binti yangu," mzee akajibu. "Karatasi anayo kwenye pochi."

"Baba, nakuomba."

"Itoe, mwanangu. Karatasi ya serikali hiyo."

Akaitoa. Mkuu aliisoma, akairudia, kisha akaitazama nyumba kama anayeitazama kwa mara ya mwisho.

"Nilitaka kukusitiri tu, baba." Machozi yalimtoka mbele za watu, hakujali.

"Nimekusikia. Shika ncha hii." Mzee alimkabidhi mwanzo wa utepe wa kupimia. "Simama pale shimoni, uikaze isilegee. Kupima si kukisia."

Bi Faili alisimama ukingoni mwa shimo, akafumba macho. Alisubiri kusikia fimbo ya baba ikigonga saruji ya baraza lao. Utepe ulivutika mkononi mwake. Ukavutika tena, ukazidi kuvutika, na saruji haikugongwa. Minong'ono ikapanda. Akafumbua macho.

Baba yake alikuwa ameipa nyumba mgongo. Alikwishapita katikati ya milingoti ya goli, akasimama kwenye nyasi, pale watoto wanapoanzishia mpira.

"Chimbeni hapa," akasema.

Walichimba, na walipofika kiunoni jembe likatoa mlio wa kioo. Kabla Mkuu hajaifuta chupa udongo, baba mdogo alikuwa keshapanda juu ya kiti, mikono kichwani: "Si niliwaambia? Jamani, si niliwaambia mimi lile shamba letu lilikuwa kubwa!"