Aliye Juu Kabisa

"Nani anakaa juu hapa?" mwalimu aliuliza, chaki ikigonga ncha ya piramidi ya walao na waliwao aliyoichora ubaoni. Chini alichora nyasi tele, juu yake panzi, kisha kuku wachache.

"Mume wangu!" akadakia mama mmoja. "Mapaja ya kuku ni yake, sisi shingo na miguu!"

Darasa la akina mama likaangua kicheko. Mmoja wao, Sikudhani, aliyekuwa akimnyonyesha mwanawe Tunu, akainua mkono. "Mwalimu, juu yangu yupo huyu. Mimi ndiye ninayeliwa."

Mwalimu akacheka, akamchora mtoto kileleni. Kisha akaendelea na somo. Baadhi ya sumu, alisema, zikimwagwa kwenye nyasi hazipotei. Hupanda ngazi kwa ngazi zikizidi kukolea, hadi zimkusanyikie aliye juu.

Sikudhani aliikumbuka dawa ya panzi aliyonyunyiza mumewe shambani, kuku walivyojishibia panzi waliokufa, na supu ya kuku hao aliyobembelezwa anywe ili maziwa yaje.



Akapenyeza kidole kwenye midomo ya mtoto, akamtoa kwenye titi. Tunu akalia, akitafuta huku na huku. Maziwa yakazidi kutoka, yakailowesha kanga, na kile kiganja kidogo kikaishika kanga hiyo na kuivuta.