Gesi ya Injinia

Harufu ya mayai viza ilimpokea binti mlangoni mwa jikoni. Nyumbani walimwita Injinia tangu alipoanza utafiti wake wa chuo: pipa la samadi nyuma ya nyumba, na mpira wa kuleta gesi hadi kwenye jiko. Sasa mpira umechomoka, gesi inavuja.

Bibi yake, aliyezibwa pua na mafua, alikuwa amempa mgongo. Mkononi alishika njiti, kichwa chake chekundu kikigusa ubavu wa kiberiti.

Angepiga kelele, Bibi angeshtuka na mkono ungeteleza. Injinia alinyata hadi akaufumba mkono ule ndani ya mikono yake miwili.

"We mtoto, unaniumiza."

"Bibi, usiwashe. Twende nje."

"Nje kufanya nini? Nilitaka ukute chai imechemka kwa gesi yako. Hizi njiti zimelowa, nimekwangua karibu zote." Bibi alicheka. "Usijali. Nimemwita mjomba wako."

Nyuma yao mlango wa uani ulifunguliwa. Mjomba alikuwa tayari ameinua kiberiti chake cha gesi, kidole gumba juu ya gurudumu.