Tawi la Kurudi Mkuyuni

Kima alikuwa na mkuyu mkubwa, na choyo kikubwa kuliko mkuyu. Siku Kindi alipokuja na njaa yake, Kima alimwambia, "Ufikie mkuyu kwanza kutoka ng'ambo ya mto, ndipo ule. Ila kila ukiruka, nami navunja tawi moja."

Kindi akaruka huku na huku juu ya mto wa mamba, kama aliyepotea. Kima akamfuata mti hadi mti, akivunja na kucheka, mpaka likabaki tawi moja tu la kurudi mkuyuni.

"Livunje basi, Mzee Kima," alisema Kindi, "sote wawili tulale njaa."

Kima akauondoa mkono kwenye tawi. "Ulijuaje litabaki hili?"

"Wewe uliyatazama matawi yaliyopo. Mimi niliyatazama yatakayobaki ukishavunja."

Kima akampisha atangulie. Walipofika, akamchumia kuyu bivu, akampa kwa mikono miwili.