Chumvi Kwenye Divai

"Tia chumvi," Salvatori alisema. "Kijiko kimoja. Divai bila chumvi ni maji ya zabibu tu."

Malale akatia, akakoroga, akaonja. Machozi yakamlengalenga. "Na wewe mwalimu huinywa hivi hivi?"

"Hivi hivi, ndugu yangu. Haki ya Mungu! Miaka ishirini nimewapikia mapadri, sijawahi kuinywa vingine."

Malale akainamisha kichwa kwa heshima. Mfugaji huyu, ambaye ng'ombe wake walijaza bonde zima nje ya mji wa Mpanda, alikuwa hajawahi kugusa divai maishani mwake. Lakini sasa ilikuwa Jumamosi ya tatu anakuja kwa baiskeli, kavaa koti, kuomba afundishwe. Siku ya kwanza alipoulizwa sababu, alijibu huku akitazama chini: "Kuna mzee mmoja wa Dodoma, analima zabibu. Sitaki kumwangusha."

Salvatori akamtambua mara moja. Mzee wa zabibu aliyejulikana Mpanda alikuwa mmoja tu: Mzee Rafaeli, baba yake Skolastika, nesi wa pale mjini. Na Salvatori, aliyefiwa na mkewe miaka minne nyuma, alikuwa ameshampelekea mzee huyo barua ya posa, akajisifu humo kwamba kutoka Mpanda hadi ziwani hakuna aijuaye divai kumshinda yeye. Mwezi mzima jibu hakuna. Kumbe Malale naye anaposa; ng'ombe wake walikuwa wameshaingia shambani!

Basi akamfundisha. Akamfundisha kuinusa chupa kwenye kitako. Akamfundisha kusukutua mara tatu, uso ukitazama dari, kwa sauti. Akamfundisha kuipigia divai makofi kabla ya kuinywa, "ili iamke." Malale alirudia kila jambo kama mtoto anayejiandaa kwa komunyo ya kwanza, akiuliza tena na tena asije akakosea hata moja. Dhamiri ilimsuta Salvatori kidogo, lakini alipomkumbuka Skolastika, ikanyamaza.

Mzee Rafaeli alishuka kwenye treni na chupa mbili za shamba lake. Jumapili Skolastika akaalika watu wachache kwa chakula cha mchana. Salvatori alivaa shati lake jeupe, akakaa pembeni, akingoja mwenzake aumbuke.

"Haya, Malale," mzee alisema huku akimmiminia. "Nionyeshe ulichojifunza."

Malale akasimama. Akainua chupa, akanusa kitako. Akaomba chumvi, akatia kijiko kizima. Akaipigia glasi makofi. Kisha akapiga funda, akatazama dari na kusukutua mpaka kuku waliokuwa mlangoni wakatimka. Skolastika akajiziba mdomo kwa kanga. Salvatori akang'ata ulimi asicheke.

Mzee Rafaeli hakucheka. "Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo, mzee wangu. Sijapunguza, sijaongeza," Malale alisema, akijifuta ndevu. "Ulinituma nikampime huyu mposaji wa binti yako, kama kweli anaijua divai kama alivyoandika. Basi ndivyo anavyoinywa. Mwenyewe yule pale, ameniapia."